Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Mhadhara wa wazi kuhusu umaskini, malezi na mwanzo wa shule katika Nyanda za Juu Kusini



Mada niliyopewa ni pana: umaskini, shule, na makuzi ya mtoto mdogo. Ningeweza kuzunguka nayo dunia nzima tukamaliza jioni bila kumgusa mtoto hata mmoja. Nitabaki huku kwetu, Iringa na jirani zake, kwa sababu takwimu za huku zinaniuma, na kwa sababu naamini tumezielewa vibaya.

Mwaka 2010, kati ya watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 42 walikuwa wamedumaa. Mwaka 2015–16 walikuwa 34. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ukakuta 30. Kwa taifa zima huo ni mwendo mzuri, na waliohangaika kuufikisha hapo wanastahili shukrani. Sasa shukeni na macho mpaka kwenye safu ya mikoa. Iringa, 57. Njombe, 50. Rukwa, 50. Mikoa ambayo malori yake ya mahindi, viazi na maharage hayakatiki kwenye barabara kuu ndiyo inayoongoza nchi nzima kwa watoto waliodumaa.

Jambo hili nimelisikia likisemwa majukwaani kwa mshangao, mara nyingine kwa ukali, na kidole kikielekezwa upande mmoja: akina mama wa huku hawajui kulisha watoto. Leo nimekuja kuwatetea akina mama hao kwa hoja.

Tuanze na udumavu wenyewe. Mtoto aliyedumaa ni yule ambaye urefu wake umebaki nyuma sana ya umri wake. Wako wanaojifariji kwamba sisi watu wa milimani ni wafupi kwa asili. Kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wa nchi sita zisizofanana kwa lolote: Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Watoto walionyonyeshwa vizuri, wakalishwa vizuri na kuishi mahali safi walirefuka kwa kiwango kinachokaribiana sana, wawe wa Muscat au wa Oslo. Damu ya ukoo huonekana zaidi baadaye. Miaka mitano ya kwanza inaonyesha hasa jinsi mtoto alivyoishi.

Urefu tunaupima kwa sababu unapimika kwa ubao. Kinachotutisha zaidi hakionekani kwenye ubao. Mtoto huzaliwa na ubongo wenye ukubwa wa takriban robo ya ubongo wa mtu mzima. Akifikisha miaka mitatu, umeshafika kama asilimia 80. Hakuna kiungo kingine kinachokimbia hivyo, na mbio hizo zinakula: sehemu kubwa ya nguvu anayoipata mtoto mchanga kwenye chakula huenda kichwani. Mwili ukipungukiwa, kila kazi hupunguziwa fungu lake. Kuharisha kunarudi kila mwezi, maziwa hayatoshi, uji ni maji, damu ina upungufu wa madini ya chuma. Mtoto wa namna hiyo halii sana. Anakaa. Hatambai kwenda kwenye sufuria kuona kilichomo, havuti mkia wa paka, haulizi. Na kwa kuwa hasumbui, hasemeshwi. Jirani atamsifu kuwa ni mtoto mtulivu, ana adabu. Walimu wa awali mliopo hapa mnajua mnavyompata mtoto huyo akiwa na miaka mitano: anakaa pale pale mnapomweka, na maneno yake ni machache kuliko ya wenzake.

Hivyo umaskini humfikia mtoto mapema kuliko shule. Unamkuta tumboni, unamkuta mgongoni. Siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili, mwalimu hamwoni. Mtu wa ada haji kumdai. Hakuna anayemwandikia ripoti isipokuwa muuguzi wa kliniki kwenye kadi yake.

Kuna jambo kuhusu mkoa huu ambalo vijana wengi hawalijui, na naomba nilitumie muda kidogo. Miaka ya 1980, watu waliotaka kujua jinsi ya kupambana na utapiamlo walikuja kujifunza Iringa. Kuanzia mwaka 1983 Serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, waliendesha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huu. Kila miezi mitatu kijiji kiliwapima uzito watoto wake. Matokeo hayakupelekwa kwa daktari akayafungie kabatini. Yalisomwa mbele ya serikali ya kijiji: watoto kadhaa wamo kwenye rangi nyekundu, ni wa kitongoji fulani, sababu ni nini, tunafanya nini, tutakutana lini kuona kama tulichofanya kimesaidia. Ndani ya miaka michache utapiamlo mkali ulishuka kwa zaidi ya nusu.

Kwenye mazungumzo hayo ya vijijini lilijitokeza jambo ambalo baadaye UNICEF ilichapisha mwaka 1990 likaenda duniani kote, na leo mwanafunzi wa lishe popote pale hufundishwa kama mchoro wa kitabuni. Afya ya mtoto inasimama juu ya vitu vitatu: chakula ndani ya nyumba, huduma ya afya pamoja na maji na usafi, na matunzo, yaani muda na uangalizi wa mtu mzima. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki havitoshi. Wanakijiji wa Iringa waliliona hilo kabla halijachorwa. Ndiyo maana mpango ule uliweka vituo vya kulishia watoto vijijini, ili mtoto ale mchana mama akiwa shambani.

Wataalamu watanisahihisha nisipolitaja hili: wakati ule walipima uzito, leo tunapima urefu, na namba za nyakati hizo mbili haziwezi kuwekwa kwenye mstari mmoja. Silinganishi namba. Ninachouliza ni kwa nini tulibaki na mafunzo kwa akina mama, tukaviacha vituo.

Chukueni mama mmoja wa Kilolo au Mufindi mwezi Januari, na mwanawe wa miezi kumi. Anaamka kabla ya jogoo wa pili. Maji, kuni, moto. Uji wa sufuria nzima unapikwa mara moja, maana hakuna wa kurudi kupika saa nne. Shamba liko mbali. La karibu na nyumba lilishagawanywa kwa ndugu. Akimbeba mtoto, atanyonya juani na kula ugali mkavu saa nane. Akimwacha, atabaki na dada yake mwenye miaka saba au minane, ambaye naye ni mtoto. Uji wa asubuhi umepoa, umetengana, na dada anauongeza maji ili utoshe. Jioni mama anarudi na mzigo wa kuni, anapika ugali wa familia gizani, na mtoto ameshalala.

Mwongozo unasema nini? Mtoto wa miezi tisa hadi ishirini na mitatu ale milo mitatu hadi minne kwa siku, pamoja na kunyonya. Uji uwe mzito, usidondoke kwenye kijiko. Uchanganywe na karanga, dagaa, yai, mboga za majani. Alishwe taratibu, mlishaji akimtazama na kumsemesha. Yote ni kweli, na mama huyu ameyasikia kliniki, ameyaona kwenye bango, ameyaimba Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Mkimuuliza atawajibu vizuri kuliko mimi. Hakosi elimu, anakosa saa. Tumbo la mtoto wa miezi kumi ni dogo kama ngumi yake. Haliwezi kupokea chakula cha siku nzima kwa mara moja, hata ghala liwe limejaa hadi darini.

Na ghala lenyewe, mahindi yaliyomo ni ya nani? Yanavunwa Juni, yanauzwa Julai wakati bei iko chini, kwa sababu kuna deni la mbolea, sare za mkubwa aliyefaulu kwenda sekondari, na mgonjwa wa mwaka jana. Februari familia ile ile inanunua debe kwa bei inayowatoa jasho. Maharage ni pesa, yanauzwa. Mayai ni pesa, yanauzwa. Njombe sasa parachichi ni pesa kuliko yote. Kinachobaki jikoni ni kile ambacho mnunuzi hakukitaka. Mtu anaposema watu wa Iringa wana chakula tele, anasoma karatasi ya mauzo ya mkoa. Chungu cha nyumba moja hajakifunua.

Nijibu pia suala la ulanzi, pombe yetu ya mianzi, maana najua mtaliuliza. Pombe inaharibu nyumba, na baba anayemaliza fedha ya mahindi kilabuni anamnyang'anya mwanawe. Sitamtetea. Lakini ulanzi una msimu wake, na udumavu hauna msimu. Isitoshe, hata katika familia zenye uwezo watoto wamedumaa: utafiti wa mwaka 2015–16 ulikuta karibu watoto wanne kati ya kumi wa kaya maskini kabisa nchini wamedumaa, na karibu wawili kati ya kumi wa kaya zenye uwezo kuliko zote. Umaskini wa fedha unaongeza tatizo maradufu, ila pengo la uangalizi linafika mbali kuliko umaskini wa fedha. Hapa ndipo akina baba wanapohusika kuliko tunavyopenda kukiri. Mwanaume anayeweza kubeba gunia anaweza kumshikia mtoto kijiko cha uji. Sijaona mila ya Kihehe wala ya Kibena inayokataza.

Nataka kutaja kundi moja ambalo halimo kwenye hotuba. Mabinti wetu wanaokwenda mijini kufanya kazi za ndani. Kwa miaka mingi Iringa na Njombe zimekuwa zikitoa wadada wa kazi wanaolea watoto wa Dar es Salaam, Dodoma na Mbeya. Binti wa miaka kumi na saba anajua saa ya maziwa ya mtoto wa tajiri wake, anajua kumwimbia, anajua kumpitishia chakula kwenye chujio. Wako kati yao walioacha mtoto wao wenyewe kwa bibi huku kijijini. Na bibi huyo amelea wengi: ukimwi ulizoa wazazi wa huku kuliko sehemu nyingi za nchi, na hata mwaka 2016–17 maambukizi ya watu wazima Njombe na Iringa yalikuwa zaidi ya asilimia 11. Kwa hiyo mikono ya kulea imepungua mara mbili, kwa kifo na kwa kazi za mjini, na mtoto amebaki na bibi ambaye mgongo hauinuki. Ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) kwa kaya maskini inasaidia hapo, na ningependa isikatike, kwa sababu shilingi chache mkononi mwa bibi zinampunguzia siku za kibarua na kumrudisha nyumbani kwa mjukuu.

Je, muda wa mtu mzima unafanya nini hasa kwa mtoto? Jibu bora ninalolijua linatoka Jamaika. Mwaka 1986–87, mjini Kingston, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wenye miezi tisa hadi ishirini na minne, kutoka mitaa ya watu maskini. Wengine walipewa maziwa ya nyongeza kila wiki. Wengine walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya kila wiki kwa saa moja, miaka miwili. Kazi yake ilikuwa kucheza na mtoto mbele ya mama yake, kwa vikopo, vifuniko na picha, na kumwonyesha mama jinsi ya kuendelea. Wengine walipata vyote viwili, na wengine hawakupata chochote. Miaka ishirini ikapita. Waliochezeshwa na kusemeshwa walikuwa wakipata kipato cha asilimia 25 zaidi ya wasiotembelewa. Maziwa peke yake hayakuacha alama ya kudumu iliyoweza kuonekana. Sisemi maziwa hayana kazi. Guatemala uji wenye protini uliogawiwa vijijini tangu mwaka 1969 uliongeza sana mapato ya wanaume walioupata wakiwa wachanga. Nasema maneno ni lishe pia, na mama aliyechoka hana maneno. Anapofika nyumbani saa moja usiku anabaki na amri tu: kaa, acha, njoo, lala.

Sasa tuingie shuleni, maana wengi wenu mlikuja kwa ajili hiyo.

Nchi hii imeufungua mlango wa shule ya msingi zaidi ya mara moja: baada ya Azimio la Musoma la 1974, tena ada ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, tena kwa waraka wa elimu wa mwishoni mwa 2015 ulioanza kutekelezwa Januari 2016. Kila mara watoto wamemiminika. Mara hii ya mwisho waliingia pia wadogo wa awali, kwa kuwa Sera ya Elimu ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa awali kuwa sehemu ya elimu ya lazima. Kutoka kama watoto milioni moja mwaka 2015, walioandikishwa awali mwaka uliofuata walizidi milioni moja na nusu. Wazazi maskini walijibu wito kwa miguu yao. Yeyote anayesema maskini hawathamini shule aangalie namba hiyo.

Lakini darasa lilikuwa lile lile. Kiwango cha wizara ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Walimu mliokaa mbele mnatabasamu kwa uchungu, maana mnao mia na zaidi katika chumba kimoja, wengine mkekani, wengine barazani, na saa nne mnahamia darasa la kwanza kwa sababu mwalimu wa kusoma, kuandika na kuhesabu yuko likizo ya uzazi. Kona za ujifunzaji mlizofundishwa kuzitengeneza, ile ya hisabati, ile ya lugha, ile ya duka, zinahitaji watoto watano watano wakichezea vizibo na mabua. Kwa watoto mia kinachowezekana ni kuimba pamoja: a, e, i, o, u. Wanaimba vizuri. Mgeni akija anafurahi. Mtoto aliyefika na maneno machache amejificha katikati ya sauti za wenzake, na hakuna aliyemsikia yeye peke yake tangu Januari.

Mtoto huyo amefikaje hapo? Baadhi yao hawakufika kabisa, au walichelewa. Wazee wenzangu mnakumbuka kipimo cha kuanza shule: pitisha mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili. Aliyeshindwa alirudishwa nyumbani akue. Aliyedumaa ana mikono mifupi, kwa hiyo alikuwa anarudishwa yule yule aliyehitaji shule zaidi. Siku hizi tunaomba cheti cha kuzaliwa, ila kipimo kile kinaishi machoni mwetu. Mzazi anamtazama mwanawe wa miaka sita mwenye kimo cha miaka minne, anatazama mto na kilomita zilizoko mbele, anasema bado mdogo. Mkoani Kagera watafiti waliopima kaya mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuwatafuta watoto wale wale zaidi ya miaka kumi baadaye walikuta kwamba waliokuwa na lishe duni walichelewa kuanza shule na kuishia madarasa ya chini kuliko wenzao. Umbali unaongeza kuchelewa huko. Ndiyo maana nazithamini shule shikizi, zile ndogo zilizo karibu na makazi. Fedha za mkopo wa wakati wa UVIKO-19 zilijenga madarasa 3,000 ya shule hizo nchini, na kila moja lilimpunguzia mtoto mdogo safari. Darasa bila mwalimu aliyesomea watoto wadogo, hata hivyo, linampunguzia safari tu.

Kuna lugha pia. Mtoto wa kijijini anaweza kufika awali akijua Kihehe kitupu, na mwalimu mgeni hajui hata kumsalimia kwa lugha ya nyumbani kwake. Mwalimu anayeweza, na amjibu mtoto kwa lugha aliyoingia nayo, kisha amvushe polepole kwenye Kiswahili. Hilo halipunguzi uzalendo wetu hata chembe.

Na kuna uji wa shule. Waraka ule wa 2015 ulifuta ada; chakula kilibaki kwa wazazi, na mwongozo wa taifa wa mwaka 2021 kuhusu chakula shuleni nao unaitegemea jamii. Mzazi aliyenacho analeta debe la mahindi na fedha ya mpishi. Asiyenacho halipi. Nimeingia kwenye shule moja saa nne ya asubuhi nikakuta watoto wa awali wamepangwa mistari miwili, wa vikombe na wasio na vikombe. Wote walikuwa na miaka mitano. Mwalimu wao hakuwa mtu mbaya. Uji ulikuwa wa waliochangia na haukutosha. Nawaomba wakuu wa shule mliopo hapa: mtafute mchango kwa mzazi, mwiteni kwenye kikao, mwandikieni barua, lakini mstari wa pili usiwepo.

Matokeo ya yote haya yalipimwa wazi na watafiti wa Uwezo, waliokwenda nyumba kwa nyumba na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2011 walikuta watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu nchini wanaoweza kuisoma hadithi hiyo kwa Kiswahili. Tulikimbilia kurekebisha mtaala wa darasa la kwanza na la pili, na mwaka 2015 tukaweka mkazo kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Ilikuwa sahihi. Wakati huo huo, mjini, mtoto wa mwenye uwezo amekaa chekechea ya kulipia miaka miwili au mitatu. Anaingia darasa la kwanza akisoma, na mwalimu mwenye watoto tisini anafuata mwendo wa wanaomjibu. Yule wa mstari wa pili ameachwa kabla ya mvua za masika kuanza.

Mtaniambia chekechea nzuri ni ghali. Katikati ya miaka ya 1980, Mombasa, mwalimu Bi Swafiya Said alianza kazi ya kuanzisha shule za awali ndani ya madrasa za mitaa ya watu wa kipato kidogo, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Jamii ilitoa chumba. Walimu walikuwa wanawake wa mtaa ule ule, wakafunzwa na kutembelewa mara kwa mara. Vifaa vilikuwa vifuu, kokoto, vitambaa na chupa. Mwaka 1990 mpango ukafika Zanzibar, baadaye Uganda, na watafiti waliowalinganisha watoto wa nchi hizo tatu waliona waliosoma humo wakiwashinda waliokaa nyumbani na hata wa shule nyingine za awali katika uwezo wa kufikiri. Zanzibar iliendelea pia na vituo vya Tucheze Tujifunze, ambako redio inaongoza mchezo na mwanakijiji aliyepewa mafunzo anasimamia, mahali pasipo na shule karibu. Siri ilikuwa kumfuata mwalimu baada ya mafunzo, asiachwe peke yake. Jengo halikuwa siri.

Tuongee fedha. Mwaka 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mikataba ya lishe, na halmashauri zikatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Ilikuwa hatua, kwa sababu kabla ya hapo wengi walitenga sifuri. Lakini shilingi 1,000 ni mayai mawili au matatu kwa mwaka mzima. Akifika shule ya msingi, ruzuku ya uendeshaji imekuwa ikihesabiwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Igawanyeni kwa siku 194 za masomo, ni shilingi hamsini na moja na senti kwa siku. Huyu ni mtoto ambaye ubongo wake ulikwisha kujengwa kwa sehemu kubwa wakati tunampa mayai matatu. Mimi ningepindua mpangilio huo. Taifa lina Programu Jumuishi ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyoandikwa kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26, inayowaunganisha watu wa afya, lishe, elimu, ulinzi na ustawi kwa ajili ya mtoto tangu mimba hadi miaka minane. Ni andiko zuri. Linahitaji kifungu cha bajeti cha kijiji chenye jina lake.

Ninachokiomba kwa mkoa huu ni kitu kimoja, na nimekichagua kwa sababu kinagusa lishe, maneno na shule kwa pamoja: kituo cha mchana cha watoto wa miaka miwili hadi minne katika kila kitongoji, miezi ya kilimo kwanza. Chumba kipo, makanisa, misikiti na ofisi za vitongoji hukaa tupu siku za kazi. Akina mama wawili wa kitongoji walipwe posho na halmashauri, si kwa kujitolea, maana kujitolea kwa maskini ni kodi nyingine. Mwalimu wa awali na mhudumu wa afya wawatembelee kila wiki, kama walivyofanya wenzetu wa Mombasa na Kingston. Mahindi na maharage yatolewe na kijiji wakati wa mavuno, kabla mnunuzi hajafika na mzani wake. Kila miezi mitatu watoto wapimwe, urefu na uzito, na majibu yasomwe mbele ya serikali ya kijiji kama yalivyosomwa hapa hapa mwaka 1984, baba zao wakiwemo. Na wachanga walio chini ya miaka miwili, ambao sitaki watenganishwe na ziwa la mama, wawe na kivuli na uji mzito pembeni ya mashamba ya pamoja, zamu ya mama mmoja kila siku.

Mipango ya vijiji huanzia kwenye mikutano ya kupanga maendeleo iitwayo Fursa na Vikwazo. Nimesoma mihtasari ya mikutano hiyo: barabara, kisima, uzio wa ofisi ya kata, jengo la utawala. Sijakuta kituo cha watoto. Wenyeviti wa vijiji mliopo, mkutano ujao ni wenu na muhuri ni wenu. Mvua za kupandia zinaanza Novemba. Kijiji kitakachokubaliana mwezi huu kinaweza kuwa na chumba, sufuria, posho ya miezi mitano na orodha ya majina ya watoto kabla jembe la kwanza halijaingia ardhini, na maafisa lishe waliokaa safu ya tatu wameniambia wako tayari kuja kuwapima.